Kinoo cha Kauri Chenye Kinundu

SWALI: Mimi ni mpishi wa harusi, naishi Majengo, Mombasa. Mwezi uliopita nilinunua kinoo cheupe cha kauri kwa ajili ya visu vya kukatia nyama ya biriani. Kona yake moja imemeguka, kisu hukwama kidogo kila kinapopita katikati, na sasa uso umeingia weusi usiotoka kwa maji. Ami yangu ameniambia nikisugue kwenye kizingiti cha saruji, kama walivyofanya wazee kwa vinoo vyao. Nimfuate, au nikirudishe dukani?

JIBU: Ami yako asema kweli kuhusu vinoo vya mawe laini, lakini kauri ya aina hii aghalabu ni alumina (oksidi ya alumini) iliyochomwa kwa moto mkali mno, nayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ndiyo ya 10, huwa ya 9, ilhali mchanga uliomo ndani ya saruji hauzidi 7. Kitakacholika ni kizingiti.

Weusi usikutie hofu, kwani ni unga wa chuma cha visu vyako. Usugue kwa dodoki, maji kidogo na sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, wala usitumie waya wa chuma, maana huo utaongeza weusi juu ya weusi.

Kinundu kinachokwamisha kisu ndicho chenye kazi. Kioshe kinoo kwanza, kwa sababu mara nyingine kinachodhaniwa kuwa kinundu ni uchafu ulioganda tu. Kikikauka, simamisha rula ya chuma juu yake mbele ya dirisha, utazame mwanga unapopenya chini yake, kisha uchore uso mzima mistari ya penseli iliyopishana. Chukua bamba la almasi, yaani bamba lililopakwa chembe za almasi, la bei nafuu, si lile unalolitegemea kwa kunolea, kwa kuwa kauri hulichakaza upesi, ulilowanishe kwa maji na usugue kwa mizunguko mipana bila kukandamiza. Maji yasikauke, maana vumbi lake si la kuvuta puani. Mistari itafutika kwanza pale palipoinuka. Kisu kikipita bila kukwama, acha hapo hapo, hata kama kuna mistari iliyobaki mabondeni. Wengi hukosea hapa, wakasugua saa nzima kutafuta usawa ambao kisu cha jikoni hakiuhitaji. Seremala anayenoa patasi au kisu cha randa ndiye mwenye haki ya kudai uso ulionyooka kabisa. Usishangae kinoo kikikwaruza zaidi kwa siku chache baada ya hapo, kwani uso wake umechubuliwa upya.

Kona iliyomeguka, ikiwa kisu hakifiki hapo, iache ilivyo. Ikiwa kinafika, punguza ncha zake kali kwa bamba hilo hilo.

Kuhusu kurudisha dukani, mimi ningerudisha kinoo chenye ufa tu, na ningefanya hivyo kabla ya kukisugua, kwa sababu muuzaji ana haki ya kukikataa kikiwa kimeshachubuliwa. Kukagua ni rahisi: kitie maji, ukipanguse, ukiangalie kinavyokauka. Ufa hubaki mstari mwembamba mweusi wakati sehemu nyingine zimekwisha kukauka.