Kwa nini miale ya gama huvunja kiini cha chuma ndani ya nyota

Ndugu mwanafunzi, umeuliza inakuwaje kiini cha atomu ya chuma, ambacho ni miongoni mwa viini vilivyo imara kuliko vyote, kivunjwe na mwanga, na kama kuvunjika huko hutoa nishati. Hakutoi, hunyonya, na hapo ndipo hata mimi nilipokwama nilipokuwa nikisoma somo hili.

Anza na hesabu. Kiini cha chuma-56 (chenye protoni na nyutroni 56 kwa jumla) kikivunjika hubaki viini 13 vya heli na nyutroni 4. Jumlisha tungamo za heli 13 na nyutroni 4, kisha utoe tungamo ya chuma-56: utapata takriban 0.1336 u (u ni kizio cha tungamo za atomu), yaani nishati ya MeV 124 (MeV ni elektroni-volti milioni moja). Katika kitovu cha nyota kubwa, joto linapokaribia kelvini bilioni 10, fotoni (chembe za mwanga) za gama hukimega kiini hicho hatua kwa hatua, na nishati hiyo yote hutoka kwao, kiasi kwamba shinikizo lililokibeba kitovu hupungua nacho huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja.

Usichanganye tungamo za atomu na za viini katika hesabu moja, kwa kuwa elektroni 26 za chuma zitakupotosha. Wala usiufananishe mchakato huu na kupasuka kwa urani, ambako hutoa nishati. Jibu likikataa kulingana, mpelekee mwalimu wako wa fizikia hatua zako zote.