Pikipiki yangu inagoma kuwaka mara moja moja. Niiuze vipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Turiani. Nina pikipiki ya cc 125 niliyoinunua mpya miaka minne iliyopita. Tangu masika ina tabia moja: siku nyingine nabonyeza stata inawaka palepale, siku nyingine inagoma kabisa, hata kiki haisaidii. Naiacha nusu saa, nikirudi inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Mafundi wawili wameiangalia, lakini kila ikifika kwao inawaka. Kuna kijana jirani anaitaka kwa shilingi 1,600,000 aanze bodaboda, na fedha anakopeshwa na kikoba cha mama yake. Dalali ananishauri niipashe moto kabla kijana hajafika, apige stata mara moja, tumalizane. Nafsi inakataa, lakini ada ya mwanangu inanisubiri. Nimwambie? Na nikimwambia, nipunguze kiasi gani?
Mwalimu, Turiani

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiipashe moto, na kijana mwambie. Huyo kijana ataamka saa kumi alfajiri kumfuata abiria anayewahi basi. Ikimgomea hapo, abiria anapanda nyingine na harudi tena kwake, na siku ya marejesho ya kikoba haisogezwi. Dalali atakuwa keshachukua chake na kuondoka. Wewe na mama wa kijana mtaendelea kukutana kisimani na kwenye misiba.

Lakini sitaki uiuze leo. Ubovu usiojulikana hauna bei: ukipunguza laki moja huenda umempunja kijana, ukipunguza laki nne huenda umejipunja mwenyewe kwa sababu ya waya tu. Tuukamate kwanza.

Siku itakapogoma, usiiache ukaenda kunywa chai. Jibu limo ndani ya nusu saa hiyo, na likishapita hata fundi hodari hana cha kuona. Anza kwa kufungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia, kisha ukafunga na ikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba na mafuta yalikuwa hayashuki kwenye kabureta. Hilo ni la kusafisha tu. Kama sivyo, hakikisha tenki limefungwa na hakuna mafuta yaliyomwagika, toa plagi, ichomeke tena kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu ilimotoka, halafu piga kiki. Cheche ya buluu iliyo kali ikiruka, umeme upo, tafuta kwenye mafuta au kwenye vali. Isiporuka, au ikiwa nyekundu na dhaifu, tatizo ni la umeme.

Mimi nashuku umeme. Kwanza imeanza masika, na maji yakiingia kwenye viungio vya waya huacha kutu ya kijani ambayo leo inapitisha umeme, kesho haipitishi. Pili, na hapa nakuomba utulie, pikipiki ya miaka minne huweza kuwa na ugonjwa wa shingoni. Fungu la waya linalotoka kwenye swichi ya ufunguo na swichi za mkononi linapita shingo ya fremu, na linakunjwa kila unapogeuza usukani. Shaba ya ndani inakatika wakati ganda la nje bado ni zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Ncha zikigusana pikipiki inawaka, zikiachana imekufa.

Ijaribu hivi. Iwashe, gia huru, iache ingurume taratibu. Geuza usukani polepole mpaka mwisho wa kulia, kisha mpaka mwisho wa kushoto, huku jicho likiwa kwenye taa ya gia huru. Halafu shika fungu la waya kwa vidole viwili, ulikunje kidogo kidogo kuanzia kwenye swichi kushuka chini ya tenki. Injini ikikohoa, au taa ikipepesa, shikilia hapohapo na uweke alama ya kalamu. Fundi afungue pale ulipoweka alama. Ukimpa pikipiki nzima bila alama ataanza kukubadilishia vipuri kwa kubahatisha.

Kama inagoma tu baada ya safari ndefu, ikiwa ya moto, basi koili, yaani waya uliosokotwa unaotengeneza umeme wa cheche, ndiyo ya kushukiwa, ya plagi au ile ndogo iliyo pembeni ya magneto, kizalisha umeme cha injini. Joto linatanua waya mwembamba wa ndani na kuuachanisha, ikipoa unarudiana. Hii ipimwe kwa mita ikiwa bado ya moto. Ikipimwa imepoa itasoma vizuri, na pengine ndiyo sababu mafundi wako hawakuona kitu. Wakati huohuo akague vali, maana zikibana sana injini ya moto hupoteza mgandamizo.

Betri sina shaka nayo sana, kwa kuwa hata kiki inashindwa, lakini kuipima ni kazi ya dakika moja. Iliyojaa husoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini ikinguruma inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5.

Wewe ni mwalimu, daftari si geni kwako. Kila ikigoma andika: ilikuwa ya moto au baridi, ilinyeshewa au kuoshwa, stata ilizunguka au ilikaa kimya, cheche ilikuwepo au hapana. Kurasa mbili za hivyo zitamfaa fundi kuliko maelezo ya mdomo, na baadaye zitamfaa mnunuzi.

Sasa bei. Ubovu ukipatikana na kutengenezwa, bei yako ya 1,600,000 isimame. Mpe kijana risiti na kile kipuri kilichotolewa akione. Usipopatikana, nendeni wote wawili duka la vipuri, mkaulizie bei ya koili, sidiai (CDI, kisanduku kinachoamuru cheche) na swichi ya ufunguo, mjumlishe na ufundi wa siku moja. Jumla hiyo ndiyo ya kukata. Kijana ataona imetoka wapi na wewe hutanung'unika.

Mwite aje asubuhi kabla hujaigusa. Aweke kiganja kwenye injini ajue ni baridi, ndipo aiwashe mwenyewe. Kama ubovu haujapatikana, kwenye mkataba andikeni wazi: "Muuzaji amemweleza mnunuzi kwamba pikipiki hugoma kuwaka baadhi ya siku, mnunuzi ameijaribu na amekubali bei hii kwa kujua hivyo." Namba ya usajili, ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na shahidi mmoja kila upande. Kisha msiishie kupeana kadi mkononi, mkamilishe uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato, TRA. Kadi ikibaki na jina lako, akigonga mtu wewe ndiye wa kwanza kutafutwa.

SWALI: Fundi, mimi yamenikuta upande wa pili. Nimenunua pikipiki iliyotumika, muuzaji akaniandikia kwenye mkataba "haina tatizo lolote". Wiki ya pili ikaanza kugoma, na fundi wa mtaani kwake anasema alishaitengeneza kwa tatizo hilohilo. Nina haki?
Mnunuzi, Korogwe

JIBU: Kwa maelezo yako, unayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mtu aliyekubali mkataba kwa kudanganywa kuuvunja, na kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu. Angekaa kimya tu kesi yako ingekuwa ngumu zaidi, maana ungeulizwa kwa nini hukukagua. Yeye ameandika. Mrudie kwa heshima ukiwa na mkataba na yule fundi, umpe achague kati ya kurudisha fedha na kulipia matengenezo. Akikataa, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya namna hii. Kwa sasa usiiendeshe kwa biashara na usibadilishe kipuri chochote kabla fundi mwingine hajaikagua na kukuandikia alichokiona, kwa tarehe na sahihi yake.