Jibu: Je, nyuso zetu zinashuhudia asili moja?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama kufanana kwa ishara za uso duniani kote kunatosha kumthibitishia mwenye shaka kwamba wanadamu wote wameumbwa kwa asili moja. Nami niliwahi kukwama papo hapo, kwa kuwa nilianza na tabasamu, nikajibiwa mara moja kwamba tabasamu huigwa.

Chunguza kwanza wale wasioweza kuiga. Katika mashindano ya judo ya Athens mwaka 2004, wanamichezo waliozaliwa vipofu walionyesha furaha na huzuni kwa misuli ile ile ya uso iliyotumiwa na wenzao wanaoona. Kisha wataje Wafore, kabila la Papua New Guinea lililokuwa halijachangamana sana na watu wa nje, ambao mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman aliwaendea mwishoni mwa miaka ya 1960: walitambua furaha, hasira na huzuni katika picha za wageni, ingawa hofu waliichanganya na mshangao (kasoro hii usiifiche, maana mpinzani wako ataileta mwenyewe). Ushahidi huo unaonyesha undugu wa maumbile. Kwamba undugu huo umetoka kwa Muumba ni hoja ya imani, nami huitamka waziwazi kuwa imani, wala siibandiki jina la sayansi.