Maswali Yenu: Mwanafunzi na Kikao cha Fikra Huru

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi. Wapo wanafunzi wa vyuo wanaotaka kukaa na wenzao wahoji mambo bila kuegemea dini yoyote, na wapo watu wazima wanaotaka kuwasaidia wafike kwenye vikao hivyo.

Nasoma mwaka wa pili, chuo cha umma, Moshi. Wakristo wa kiinjili wana TAFES, Wakatoliki wana TMCS, Wasabato wana TUCASA, Waislamu wana jumuiya yao. Sisi tunaotaka kujadili sayansi, ushirikina na maadili bila kufungua kwa sala hatuna pa kukaa. Tuanzie wapi?

Anzeni wachache. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inauita jumuiya umoja wa watu 10 au zaidi, na jumuiya hutakiwa kusajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Watu sita wanaosoma makala moja na kuijadili hawajafika huko. Mkiongezeka, ombeni klabu ndani ya chuo kabla ya kufikiria wizara. Kenya, jumuiya ya wasioamini Mungu ilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa. Kikundi kichanga cha wanafunzi hakina nguvu wala pesa za kubeba mvutano wa namna hiyo.

Kwa klabu ya chuo, nendeni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kupitia serikali yenu ya wanafunzi. Andaeni barua ya maombi, katiba ya kurasa mbili au tatu, majina ya viongozi na namba zao za usajili, ratiba ya muhula mmoja, na jina la mhadhiri atakayekuwa mlezi. Wengi hukwama kwenye mlezi kwa sababu wanamtafuta mhadhiri asiye na dini. Mtafuteni anayefundisha mbinu za utafiti au takwimu, hata kama ni mzee wa kanisa. Huyo anajua tofauti ya dai na ushahidi, na saini yake ina uzito ofisini.

Katika katiba andikeni mtakayoyafanya, msiandike mnaowapinga. "Kupima madai kwa ushahidi, kwa wanafunzi wa dini yoyote na wasio na dini" ni lengo la kweli, na Mshauri anaweza kulipitisha. "Kupambana na dini" litakataliwa, na tunaona ni haki likataliwe: mkutano wa kumpinga jirani haumfundishi mtu kufikiri.

Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na wa kubadili dini. Ibara ya 20 inalinda uhuru wa kukutana. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa ya kutusi dini na ya kusema maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu. Kuuliza "tunajuaje kwamba mtu huyu amepona?" ni hoja. Kumkejeli anayesali kunaweza kuwafikisha polisi. Na mkitaka kukutana mahali pa wazi pa umma, taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla.

Chuo changu ni cha dhehebu, njia ya Usa River. Baba ni mzee wa kanisa na ndiye anayelipa ada. Nimealikwa kwenye kikao mjini Arusha. Naogopa picha na majina. Nifanyeje?

Mdogo wetu, hofu yako ina msingi, usiruhusu mtu akuite mwoga. Kanda hii imejaa vyuo vya madhehebu: Makumira ni ya Walutheri, Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Wasabato, na Mwenge kule Moshi ni cha Wakatoliki. Ulipodahiliwa ulisaini kanuni. Zitoe uzisome tena, hasa sehemu ya ibada za lazima na ya mikusanyiko. Mara nyingi kanuni zinahusu yanayofanyika ndani ya eneo la chuo na matumizi ya jina la chuo. Kwa hiyo usijitambulishe kikaoni kwa chuo chako, na usivae fulana yenye nembo yake.

Siri huvuja kwenye simu kuliko ukumbini. Ukiingizwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mwanachama anaiona namba yako, na akiwa nayo kwenye simu yake analiona jina lako. Mwombe mwandaaji atumie orodha ya matangazo, ambayo wapokeaji hawaonani. Itakubidi uihifadhi namba yake, la sivyo ujumbe wake hautakufikia. Mchango nao ni mtego: ukituma kwa M-Pesa au Airtel Money, jina ulilosajilia laini linatokea kwa anayepokea. Toa taslimu mlangoni. Kuhusu picha, uliza kabla hujapanda daladala: nani atapiga, na zitawekwa wapi? Mwandaaji asiye na jibu hajajiandaa kupokea wanafunzi, ahirisha kwenda.

Uamuzi wa kumwambia baba ni wako, na hauna haraka. Tunachosisitiza ni kwamba usiufanye siku za UE (mitihani ya mwisho wa muhula), wala siku ambayo ada ya muhula bado haijalipwa.

Mimi ni Mwislamu ninayeswali. Naruhusiwa kuhudhuria?

Ndiyo. Ukikuta kikao kinachokutaka uikane dini yako kwanza, hicho si cha fikra huru, toka.

Tumeshapata chumba na watu 12. Mada ya kwanza iwe nini, na tuiendesheje isiwe kelele?

Kwa kanda yenu hakuna mada tajiri kuliko kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu, aligawa dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kikombe. Ilisemwa inaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi. Wengi wa wanafunzi wenu walikuwa wadogo wakati huo, lakini nyumbani kwao yuko aliyekunywa.

Tengeni dakika 90. Kumi za kwanza mtu mmoja aeleze tukio bila kutoa hukumu. Kisha andikeni dai moja ubaoni, kwa maneno yanayopimika. "Kikombe kinasaidia" halipimiki. "Mwenye virusi vya UKIMWI akinywa, kipimo cha virusi baada ya miezi mitatu hakitaviona" linapimika. Mkilikosea hili, saa nzima itapotea kwa watu kubishana juu ya mambo mawili tofauti wakidhani ni moja.

Baada ya hapo gawanyikeni watatu watatu kwa dakika 25, kila kundi na swali lake. La kwanza: ni nini kingine kingemfanya mgonjwa ajisikie nafuu? Kisukari na shinikizo la damu hupanda na kushuka, na mtu hufunga safari ndefu siku akiwa amezidiwa, hivyo siku zinazofuata zina nafasi kubwa ya kuwa afadhali hata asiponywa chochote. La pili: ni shuhuda za nani tunazozisikia? Aliyefariki harudi kusimulia. La tatu: mgonjwa angepoteza nini dai likiwa si kweli? Hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu mwenye VVU akiacha ARV virusi hurudi kuongezeka mwilini, hata kama kwa wiki kadhaa anajiona mzima. La nne, ambalo vikundi vingi hulisahau: kwa nini watu wenye akili timamu, wakiwamo wasomi na viongozi, walikwenda? Foleni za hospitali, gharama na matumaini ni majibu ya kweli. Kundi hili likifanya kazi vizuri, chumba kizima hupoteza hamu ya kucheka.

Mwongozaji awe na kanuni moja asiyoilegeza: hakuna kumcheka aliyekunywa. Huenda ni mama wa aliyekaa pembeni yako.

Tukio la Moshi la Februari 1, 2020, ambapo watu 20 walifariki kwenye msongamano wakikimbilia mafuta ya upako, msiliweke mwanzoni. Wafiwa wako humohumo mjini. Likija, lianze na usalama wa mikusanyiko: milango, wahudumu, njia za kutokea.

Sisi ni marafiki watano wenye kazi, Njiro na Sakina, Arusha. Tunataka kuwawezesha wanafunzi wahudhurie kikao cha kila mwezi. Tulitangaza kwamba watarudishiwa nauli, wakaja wawili tu. Tumekosea wapi?

Kosa ni neno "watarudishiwa", ndugu zetu. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiwa halijaingia, mwanafunzi hana nauli ya kuwakopesha ninyi. Tumeni pesa siku moja kabla, na ada ya kutolea juu yake. Atakayepokea asije mara moja, msamehe, pengine ana tesiti. Akirudia, mwezi unaofuata nafasi apewe mwingine.

Pangeni hesabu kwa kichwa cha mwanafunzi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, chakula na bando jumla ni 20,000. Kila mmoja wenu akichanga 40,000 mnapata 200,000 kwa mwezi: wanafunzi wanane, na 40,000 ya akiba. Akiba hiyo ni ya bodaboda au teksi pale kikao kinapochelewa, na msiile. Anayetoka Moshi ana kama kilometa 80 mbele yake, hivyo mumhesabie kivyake, na saa 11 jioni awe ameshaachiwa.

Siku na mahali vinazuia watu kuliko pesa. Ijumaa mchana mnamkosa Mwislamu, Jumamosi mnamkosa wa chuo cha Wasabato, Jumapili asubuhi mnamkosa Mlutheri na Mkatoliki ambaye kutoonekana kwake kutaulizwa. Jumapili saa 8 hadi saa 10 na nusu ndiyo inayobaki. Baa haifai. Mtindo wa wahoji, yaani watu wanaopima madai kwa ushahidi, kukutana baa ulianzia London mwaka 1999 na umeenea nchi nyingi, lakini hapa kwetu binti akionekana baa mchana habari inafika kijijini kabla hajafika hosteli. Tena bia moja inameza bajeti ya chakula chake. Tumieni chumba cha mgahawa wenye chai, au anzeni na ziara ya Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Mjerumani, kisha mkae mjadili mlichokiona.

Namna ya kuchagua: waombaji waandike mistari mitano kuhusu swali wanalotaka lijadiliwe. Msiwaulize kama wanaamini Mungu. Mkiuliza, mtapata watu waliojifunza kujibu mnachotaka kusikia.

Na hili tunaliweka wazi bila kuzunguka. Mfadhili asiwasiliane na mwanafunzi peke yake usiku, asimlaze nyumbani kwake, asimpe lifti akiwa peke yake. Mawasiliano yote yapitie watu wawili, mmoja wao mwanamke. Mwanafunzi anayetegemea nauli yenu hana uhuru kamili wa kukataa, na hili ni lenu kulilinda, si lake. Katika barua ya mwaliko wekeni namba ya mtu wa kumlalamikia ambaye hatoi pesa kwenye mfuko huo.

Nimepokea barua pepe kwamba nimechaguliwa kwenda mkutano wa fikra huru Ulaya, kila kitu kimelipiwa, ila nitangulize ada ya usajili. Ni kweli?

Kama hukuomba, hukuchaguliwa. Anayekulipia tiketi ya ndege hawezi kushindwa kukuondolea ada ya usajili. Usitume pesa, wala nakala ya pasipoti au kitambulisho cha NIDA. Tafuta mwenyewe tovuti ya waandaaji, usipitie kiungo kilicho kwenye barua, uwaandikie kwa anwani utakayoikuta huko.

Nafasi za kweli zipo. Humanists International, shirikisho la wahumanisti (watu wanaojenga maadili bila kutegemea dini) lililoanzishwa Amsterdam mwaka 1952, lina tawi la vijana wa miaka 18 hadi 35. Marekani, mkutano uitwao Skepticon ulianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Missouri mwaka 2008 na ukajulikana kwa kiingilio cha bure, ukiendeshwa kwa michango, ili mwanafunzi asiachwe nje. Lakini kiingilio cha bure hakilipi viza. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupelekwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, ada kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Mwanafunzi hukataliwa zaidi kwa kukosa ushahidi kwamba atarudi. Ambatanisha barua ya chuo inayotaja mwaka wako wa masomo na tarehe ya muhula ujao, na barua ya mwalikaji inayosema nani analipa nini, kipengele kwa kipengele.

Kwa safari ya kwanza tungekushauri Nairobi. Unapanda basi asubuhi Arusha, unavuka Namanga kwa pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na huhitaji viza. Omba hati hiyo wiki mbili kabla, maana dirishani wakikurudisha kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, itabidi ukakitafute wilayani kwenu.