Hujamwachia Mungu, umenuna tu

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mkristo, nakaa Muyeye hapa Malindi. Jirani yangu tunatumia mita moja ya maji, bili ikija analipa anavyotaka. Tuligombana pale mferejini watoto wakiona, tangu siku hiyo hatusalimiani. Wenzangu kanisani wanasema nisijisumbue, yule ni muislamu. Nimemwachia Mungu, naomba tu ahame. Si ndio kutafuta amani huko?*

Marahaba mwanangu. La, huko ni kununa, na kununa hata ukiongezea maombi bado ni kununa. Petro anasema mtu atafute amani, aifuate sana, sasa wewe umekaa ndani unangoja jirani afunge virago, umefuata nini hapo?

Na hao wa kanisani wasome Warumi 12:18 vizuri, imeandikwa mkae katika amani na watu wote, haikuandikwa washirika wenzako. Kwanza huu mji wetu tangu zamani tunazikana na kualikana harusi, hayo maneno ya kutengana sijui wameyatoa wapi, na yananiuma kwa kweli.

Ugomvi wa maji haukuanza na nyinyi. Soma Mwanzo 26. Isaka kachimba kisima wachungaji wa Gerari wakasema ni chao, akachimba cha pili wakagombania tena, akasogea akachimba cha tatu hapo ndio wakamwacha. Hakupigana lakini pia hakulala na kiu, aliendelea kuchimba! Na baadaye Abimeleki mwenyewe, mfalme wa huko Gerari, akamfuata wapatane, wakala wakanywa pamoja.

Kwa hiyo nenda. Jioni baada ya alasiri, piga hodi, msalimie, na kama siku ile ulimtukana anza na hilo, mwombe msamaha bila kuweka "lakini" mbele yake. Bili usiitaje siku hiyo. Siku nyingine ndio mkae muulizane kila nyumba inachota mitungi mingapi kwa siku, mgawane kwa hesabu hiyo, muandike, na watoto wasitumwe kupeleka maneno. Pengine naye ana lake moyoni, msikilize mpaka amalize.

Akikataa kabisa, ongea na mwenye nyumba uombe mita yako, hiyo si dhambi wala si kukosa imani. Paulo mwenyewe, kwenye ule mstari wa Warumi, alisema "kama yamkini, kwa upande wenu", upande wa jirani utabaki kwake. Salamu lakini usimnyime, asubuhi ukimkuta mferejini anza wewe, hata asipoitikia. Na ile sala ya ahame iache leo, muombee riziki na watoto wake.