Kisukari aina ya pili: nguvu ya kuendelea huja kwa kugawa kazi, si kwa kujikaza

Dada wa Pasua hapa Moshi, mwenye kisukari aina ya pili, pole sana. Umeuliza mambo mawili: utapata wapi nguvu ilhali miezi ya kwanza ulijitahidi kisha ukachoka, na ufanyeje na watu wa nyumbani ambao ama wanakuchunga kila tonge ama hawajali kabisa. Wengi wamekujibu ujikaze na umtegemee Mungu. Kumtegemea Mungu ni sawa, ila kujikaza peke yake hakufiki mbali, kwa sababu huu ugonjwa hauna sikukuu. Kwa nilivyoona kwa watu tunaokutana nao kliniki hapa Moshi, wanaoendelea mwaka hadi mwaka wana vitu viwili: namba zinazowajibu swali, na watu waliopewa kazi maalumu.

Nianze na namba za kipimo cha sukari, maana ndizo zinazowavunja watu moyo. Wengi hupima asubuhi tu kabla ya kula, wanaandika, wanakasirika. Namba ya asubuhi haikuambii ni chakula gani kilikufanya nini. Ndani yake kuna mlo wa jana usiku, usingizi, hofu, na sukari ambayo ini lenyewe huimwaga kwenye damu alfajiri. Ndiyo maana mtu analala na njaa halafu anakuta 9. Hajakosea kitu.

Stripu (vile vipande vya kuwekea damu kwenye mashine ya kupimia sukari) ni ghali, basi zitumie kwa akili. Ukiwa na saba kwa wiki, chagua mlo mmoja tu, tuseme wa mchana. Pima kabla ya kula, kisha pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza (si tangu ulipomaliza). Fanya hivyo siku tatu. Hapo umetumia sita, na ya saba ni akiba ya siku utakayojisikia vibaya. Pembeni ya namba andika ulichokula na kiasi chake. Wiki inayofuata badilisha jambo moja tu: punguza wali, au tembea dakika 15 baada ya kula, au anza na mboga. Kisha linganisha. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia, na ukichoka utayaacha yote. Kwa watu wazima wengi, ukiacha wajawazito, lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kuanza kula. Mzee sana au mwenye magonjwa mengine daktari humwekea lengo legevu zaidi. Kama mashine yako inaandika namba kubwa kama 140, hiyo ni mg/dL. Igawe kwa 18 upate hizi zetu.

Kabla ya kuhuzunika, hakikisha namba ni ya kweli. Ukimenya ndizi mbivu au embe kisha ukapima bila kunawa, utapata namba ya kutisha ambayo haimo kwenye damu yako. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, toboa pembeni ya ncha ya kidole. Mwezi wa saba kwenye baridi tumia maji ya uvuguvugu ili damu itoke bila kukikamua kidole sana, kwa sababu kukikamua nako huharibu kipimo. Kopo la stripu lifunge mara tu unapotoa moja, angalia tarehe ya kuisha, na usinunue stripu za mashine nyingine hata kama zinafanana.

Sasa nyumbani. Kosa linalojirudia ni kuwaambia, "nisaidieni, angalieni nisile vibaya." Umewapa kazi ya ulinzi. Baada ya wiki mume amekuwa askari mezani, nawe umeanza kula kwa kificho, andazi la njiani, soda dukani. Kula kwa kificho kuna hatari kuliko kula hadharani, kwa sababu hakuandikwi. Daktari anaona namba ziko juu na daftari linaonyesha unakula vizuri, anaongeza dozi. Siku utakayokula kweli kama ulivyoandika, sukari inashuka na unaanguka.

Toa kazi yenye mwanzo na mwisho, moja kwa kila mtu. Mwambie mumeo, "Baba fulani, naomba tutembee wote dakika 15 baada ya chakula cha usiku, siku tano za wiki, na nikisema nimechoka uniulize mara moja tu." Hiyo mara moja tu ndiyo inayozuia ugomvi. Mtoto aliye sekondari aandike namba kwenye daftari na kukumbusha tarehe ya kliniki. Anayepika akabidhiwe upawa wa kupimia. Jumapili mkae dakika kumi, mwulizane mambo mawili tu: nini kilienda vizuri wiki hii, na nini kilikuwa kigumu. Namba zenyewe zisisomwe kwa sauti kama ripoti ya shule. Ni zako, utawaonyesha ukitaka. Mwenye kisukari anayeogopa kuulizwa namba huacha kupima, na huo ndio mwanzo wa kupotea kliniki.

Usikubali kupikiwa sufuria ya mgonjwa. Hudumu muda mfupi, mpishi huchoka, nawe unajiona umetengwa. Wote mle kimoja. Watoto wako nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari aina ya pili kwa kuwa mzazi anacho, kwa hiyo huwaonei, unawakinga.

Ushauri wa sahani (nusu mboga, robo wanga, robo nyama au maharage) ni mzuri, ila jikoni kwetu unakwama kwa sababu mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi na nyama, hupikwa mchanganyiko. Hutagawa sahani, utagawa sufuria. Punguza ndizi kwa theluthi moja, ongeza nyama isiyo na mafuta mengi, karoti na vitunguu, na pembeni pika mnafu au mchicha wa kutosha. Tumia ndizi mbichi kabisa. Ikianza kuiva, wanga wake umeshaanza kugeuka sukari. Mtori uliopondwa hadi ukalainika hupandisha haraka kuliko ndizi za vipande, kwa hiyo acha mabonge. Kula mboga na nyama kwanza, ndizi zifuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, na hauongezi gharama hata shilingi. Makande ni mazuri ukiongeza maharage yawe mengi kuliko mahindi. Ndugu zetu wa Arusha na Meru wanaokula loshoro (mahindi na maziwa ya mgando), ni hivyo hivyo: kuna mahindi mle, pimeni bakuli.

Dona na ulezi ni bora kuliko sembe, lakini bado ni wanga. Mtu anayeambiwa ale dona kisha akala bonge mara mbili ya la zamani atapanda tu. Ugali usizidi ngumi yako. Uji wa lishe wengi huudhani dawa, kumbe nafaka zilizosagwa laini na kupikwa zikawa maji hupita haraka sana tumboni. Asali ni sukari. Juisi ya kukamua nyumbani ni sukari. Parachichi kula bila wasiwasi, nusu inatosha. Chai usiikatie sukari siku moja: punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea.

Nje ya nyumbani ndiko mipango huvunjika, hasa kwenye misiba na Desemba. Msibani chakula huchelewa, na anayetumia glibenklamaidi (kidonge kinachoshusha sukari) au insulini hawezi kukaa na njaa hadi saa kumi. Beba karanga na yai la kuchemsha, na pakiti ndogo ya sukari kwa dharura. Desemba watu wakipanda vijijini kwao mlimani, Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, kuna nyama na mbege (pombe ya ndizi) kila boma. Nyama choma haina shida sana. Shida ni mbege juu ya tumbo tupu. Mwanzoni utamu wake hupandisha, kisha kileo huzuia ini kutoa sukari, na usiku ukiwa umelala inashuka. Kula kwanza, onja kwa heshima, pitisha kata ya kunywea kwa wa pili. Mweleze mapema mtu mmoja wa boma, shangazi au shemeji, akusemee pale wazee watakapokushika mkono. Huyo naye ni mtu uliyempa kazi.

Na wote hao uwafundishe hili. Sukari ikiwa chini ya 4, au ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na kuongea hovyo kama mlevi: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda kula kitu cha kushiba. Kama mtu hawezi kumeza, asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Aliyemeza glibenklamaidi aangaliwe kwa saa nyingi, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena. Kwa mzee nasema apelekwe hospitali tu hata akizinduka. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kushusha kiasi hicho. Hiyo inywe pamoja na chakula, na kama tumbo linakusumbua mwambie daktari aianze kwa dozi ndogo, usiiache kimyakimya.

Kikundi. Hapa naona mna nafasi kubwa Pasua. Msianze na WhatsApp. Anzeni na watu wanane hadi kumi na wawili mnaohudhuria kliniki moja, iwe hospitali ya Mawenzi, ya KCMC au kituo cha karibu, mkutane nusu saa siku hiyohiyo ya kliniki ili nauli iwe moja. Waliozoea vikoba au jumuiya wanajua kuendesha mkutano. Chukueni utaratibu huo, pamoja na mfuko mdogo wa stripu. Kununua stripu kwa pamoja kunasaidia pale tu mashine ni za aina moja, kwa hiyo kubalianeni hilo kabla ya mtu kununua mpya. Ombeni muuguzi wa kliniki awatembelee kila baada ya miezi mitatu.

Vikundi hufa kwa sababu tatu ninazozijua. Kwanza watu huanza kushindanisha namba, aliye na 14 anaona aibu, haji tena. Huyo ndiye kikundi kilikuwa kimeanzishwa kwa ajili yake. Pili, mtu anambadilishia mwenzake dozi. Kila mmoja ana figo zake na umri wake; dozi ni ya daktari. Tatu, wauza dawa za kuponya kabisa. Sote tunakumbuka mwaka 2011 watu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kinatibu kisukari na magonjwa mengine, na wapo walioweka vidonge pembeni. Siwakejeli, waliochoka hutafuta pa kupumzika. Lakini kikundi kiwe na sheria iliyoandikwa: hakuna kuuza kitu humu, na anayejaribu mitishamba amwambie daktari, aendelee na vidonge, apime.

Kliniki nenda na daftari na maswali matatu uliyoyaandika, yasizidi. Hakikisha miguu inakaguliwa, presha inapimwa kila ukienda, na macho, figo na mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Ukipimwa HbA1c, ile ya wastani wa miezi mitatu hivi, lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Mwambie daktari kama una upungufu wa damu au selimundu, kwa sababu huipotosha. Ukikosa tarehe kwa aibu ya namba, nenda wiki inayofuata na useme hivyohivyo. Wauguzi wamelisikia hilo mara nyingi.

Mwisho, tofautisha uchovu wa kisukari na sonona. Uchovu unahusu kupima, vidonge na chakula; ukipunguziwa mzigo, unapumua. Chagua jambo moja la kulegeza kwa wiki mbili, kwa mfano kupima mlo mmoja badala ya mitatu, ila vidonge visiguswe. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi hufurahii hata vitu ulivyovipenda, usingizi umeharibika, unalia bila sababu au unajiona mzigo kwa watoto, hayo si uvivu wala imani haba. Mwambie daktari wa kliniki akupeleke kwenye huduma ya afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru au kuacha dawa ili yaishe, nenda hospitali leo hii na mtu wa kukusindikiza.

Wiki hii fanya mawili tu: chagua mlo wa kupima, na mpe mtu mmoja kazi moja. Ukipata zile namba sita, ziandike hapa pamoja na ulichokula na dawa unazotumia, tuone sahani ipi ya kuanza kurekebisha.