Maswali Yenu: "Amenidunga Mara Tano na Bado Anatafuta Mshipa"

Wiki mbili zilizopita nilitaja hapa kwamba kabla nianze kuandika nilikaa maabara miaka 16 nikitoa watu damu, na tangu siku hiyo maswali ni ya sindano tu. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu juu nikilisoma nilikasirika.

Anti hujambo. Daktari alinituma nikapimwe sukari na figo, nikaenda lab moja hapa mtaani saa moja asubuhi bila kula kitu kutoka jioni, hata maji sikugusa nikidhani nayo ni kula. Yule kijana akafunga mpira akaniambia kunja ngumi, fungua, kunja, fungua, akadunga hapo kwa kiwiko hakuna, akadunga tena, akaanza kuzungusha sindano ndani kama mtu anatafuta ufunguo kwa kibeti, akahamia mkono ule mwingine, mara tano anti, na bado ananiambia ati mama mishipa yako inakimbia. Damu ikapatikana kwa mgongo wa mkono. Kesho yake napigiwa simu damu imeharibika, nirudi, na nilipe tena. Mkono umekuwa bluu kama wino. Shida ni mishipa yangu ama ni yeye? — Mama Wawili, Umoja

Mama Wawili pole sana. Mna shida wote wawili, ila yako ni ndogo na hakuna mtu alikuambia, yake ni kubwa na alisomeshwa.

Yako ni maji. Kufunga kwa ajili ya kipimo cha sukari ni kuacha chakula na vinywaji vingine masaa 8 mpaka 12, lakini maji matupu yanaruhusiwa, na mtu hajakunywa maji tangu jioni mishipa yake inalala. Ongeza na hii baridi yetu ya Julai, umetoka kwa matatu mtu amefungua dirisha, mishipa inajikunja zaidi. Siku ingine ukiamka kunywa gilasi mbili, vaa sweta, na ukifika ning'iniza mkono chini dakika mbili tatu.

Hiyo ya mishipa kukimbia ni kweli, kuna watu mshipa unateleza sindano ikigusa tu, haswa wazee na watu wembamba, na ndio maana tunafundishwa kuvuta ngozi na kidole gumba chini ya pale unadunga ndio mshipa utulie. Sasa ukikimbia mara tano, si kuna mtu hajaushika?

Mpira nao usikae umekazwa zaidi ya dakika moja. Na hiyo kunja fungua ndio inaharibu kipimo, juu ukipiga ngumi hivo mkono umefungwa madini ya potasiamu yanatoka kwa misuli yanaingia kwa damu, alafu sindano ikizungushwa ndani chembe nyekundu zinapasuka zinamwaga potasiamu yao pia. Na potasiamu hupimwa pamoja na figo! Mashine ingesoma juu, daktari angeshtuka bure. Kwa hivyo kuikataa hiyo damu walifanya vizuri, hapo nawapa haki yao. Chupa ikishazungushwa kwa mashine, maji yanayobaki juu yanafaa kuwa ya manjano, nina hakika yako yalikuwa mekundu kama juisi ya matunda damu.

Lakini kulipa tena, hapana. Damu iliharibikia mikononi mwao. Rudi na risiti ya kwanza, ongea pole pole, na uulize msimamizi, usipoteze asubuhi ukibishana na msichana wa kaunta, yeye hata hana ruhusa ya kukurudishia shilingi.

Kule nilikuwa, sheria ilikuwa mara mbili. Ukikosa mara mbili unaita mwenzako na hakuna aibu, mimi mwenyewe nimeita wenzangu mara nyingi, kuna siku niliita mwanafunzi wa atachimenti akapata mara ya kwanza, nikanyamaza mpaka jioni. Kwa hivyo mwambie, ndugu yangu mbili zimetosha, niitie mwingine ama utumie kipepeo. Kipepeo ni ile sindano nyembamba iko na mabawa mawili ya plastiki na kamrija karefu, ni nzuri kwa mishipa midogo ya mgongo wa mkono. Akikasirika akasirike, mkono ni wako, na Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya ya mwaka 2013 inakupa ruhusa ya kukataa.

Huo ubluu ni damu imevuja chini ya ngozi, utageuka kijani, alafu manjano, wiki moja ama mbili umeisha. Siku ingine wakitoa sindano usikunje kiwiko na pamba ndani, karibu kila mtu hufanya hivo na ni makosa, nyoosha mkono, finya na kidole dakika tatu mpaka tano bila kusugua, na kikapu cha soko ubebe na mkono ule mwingine. Uvimbe ukizidi kukua, vidole vikifa ganzi, ama pale pakawa moto na usaha, nenda hospitali usingoje. Na kama sindano ikiingia unaskia kitu kama shoti ya stima inateremka mpaka vidoleni, sema "toa!" hapo hapo, hiyo imegusa neva.

Naeza uliza bila kuchekwa? Mimi ni makanika, miaka 31, nimeungua na injini, nimekatwa na mabati, sijali, lakini nikiona damu yangu inaingia kwa kale kachupa masikio yanalia, jasho baridi, alafu naamka niko chini watu wamenizunguka. Imenifanyikia mara mbili. Niko na ugonjwa? — Wa Kasarani

Hakuna wa kukucheka, mtu mkubwa zaidi nimewahi kuokota sakafuni alikuwa askari wa benki, na kofia yake bado iko kichwani. Kwa watu wengine mwili ukiona damu ama sindano moyo unapunguza mwendo ghafla, mishipa inalegea, presha inashuka, ubongo unakosa damu sekunde chache na unaenda chini. Ukishalala damu inarudi kichwani, ndio unaamka. Hatari hapo ni kugonga kichwa.

Sema ukiwa bado umevaa koti, "mimi huzirai," si wakati mpira umeshafungwa, wakulaze kitandani. Angalia ukuta. Kaza mapaja na makalio kama sekunde 10 au 15, legeza kidogo, kaza tena, mkono wa sindano uuache umelegea, hii inapandisha presha na hakuna mtu ataona unafanya nini. Ukimaliza kaa dakika 15 kabla ya kupanda boda. Lakini ukianza kuzirai bila sindano, ukiwa kazini tu unafungua nati, hiyo ni stori ingine, muone daktari.

Nimetolewa chupa nne!! Jirani anasema wanauza damu. — Eastleigh

Wamuuzie nani? Kila kachupa ni kama kijiko kidogo cha chai, zote nne hazijazi kikombe cha kahawa, na mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Anayejitolea damu hutoa kama mililita 450, kwa mfuko maalum, damu ya chupa za lab haiwezi kuongezewa mtu. Chupa ni nyingi juu kila rangi ya kifuniko ina kazi yake. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Ya kijivu ni ya sukari, dawa yake inazuia chembe zisile sukari damu ikingoja foleni. Nyekundu inaachwa igande.

Wewe angalia jina. Kabla uinuke kwa kiti, jina lako liwe limeandikwa kwa kila chupa ukiona. Na akuulize "unaitwa nani?" si "wewe ndio fulani?" juu mtu wa njaa na usingizi huitikia jina lolote. Pia tupa jicho ukutani kama leseni ya KMLTTB iko, hiyo ndio bodi ya maabara iliyowekwa na sheria ya 1999.

Chai ya rangi bila sukari nikiwa nimefunga, sawa? — Rongai

Hapana. Maji tu, hata chingamu wacha. Lakini uliza kwanza kama kufunga kunahitajika, kipimo cha malaria na kile cha sukari ya miezi mitatu havitaki njaa, na nimeona wazee wakikaa kwa benchi mpaka saa sita na njaa ya bure. Unayetumia dawa za sukari usifunge kabla uongee na daktari wako.

Anti, mamangu alitolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapa juu ya saratani. Kila akienda lab wanataka mkono wa kulia ati ndio uko na mishipa mizuri, na yeye ni mtu wa kunyamaza, hapendi kusumbua watoto wa watu. — Binti, South B

Wa kushoto, mpaka daktari wake aseme vingine. Tezi zikitolewa, maji ya ule mkono hayashuki vizuri na unaweza kuvimba, kwa hivyo hatupendi kuudunga. Na kwa vile hasemi, chukua kalamu ya maka umwandikie kwa mkono wa kulia, herufi kubwa, HAPANA. Nilikuwa na mzee wa dayalisisi, ile ya kusafishwa damu na mashine, alifanya hivo kwa mkono wake wa fistula, yaani ule mishipa yake imeunganishwa kwa ajili ya hiyo mashine, miaka yote nikimtoa damu sijaona mtu wa lab akimbishia.